Guni la Mjini: Santuri ya Kwanza ya Fontaines D.C. na Suala la Deni

Mtu anayetaka kulifukuza shairi barazani bila ya kujisumbua kulijadili huliita guni. Neno ni fupi na hukumu yake ni nzito: vina vimepotea njia, mizani imepungua au imezidi, na mtunzi amefichuliwa kuwa hajui kazi yake. Kiingereza nacho kina neno lake la kufanyia kazi hiyohiyo, na ni neno la kale. Mwishoni mwa karne ya 14, Geoffrey Chaucer alijitia mwenyewe katika msafara wa mahujaji wa Canterbury, akajipa zamu ya kusimulia, akaanza kughani kisa cha Sir Thopas kwa vina vinavyogongana kama masufuria. Mwenye nyumba ya wageni aliyeongoza msafara alimkatiza kwa kuchoka, akayaita mashairi hayo kwa jina hilo la dharau. Kichekesho chenyewe ni maarufu: mshairi aliyewazidi wote msafarani ndiye anayeambiwa kwamba hajui kutunga.

Tarehe 12 Aprili 2019, vijana watano wa Dublin wanaojiita Fontaines D.C. walitoa santuri yao ya kwanza kupitia kampuni ya Partisan, nao wakaipa jina hilohilo kwa tahajia isiyo ya kawaida siku hizi: Dogrel. Wameeleza kwamba nia yao ilikuwa kuyaenzi mashairi ya watu wa kawaida, yale ya baa na ya barabarani ambayo hayakuwahi kualikwa katika diwani za heshima. Basi jina lenyewe ni dai la kihakiki, na limetolewa kabla sindano haijagusa santuri. Dai hilo linastahili kupimwa, kwa kuwa ni rahisi kujiita mtunzi wa guni na ni vigumu sana kuwa mtunzi huyo pasipo kuigiza umaskini wa wengine.

Wahakiki wa muziki wa Uingereza na Marekani waliipokea santuri hii kwa furaha. Baadaye mwaka huohuo ikaingia katika orodha ya wawaniaji wa tuzo ya Mercury. Hata hivyo waliipokea kwa desturi yao, yaani kwa kuorodhesha mababu. Hapa pamesikika Joy Division, pale The Fall, wimbo huu umetoka kwa The Strokes wa New York, ule wa mwisho ni wa The Pogues, na makelele ya gitaa yamejifunza kwa Girl Band, jirani zao wa Dublin ambao santuri yao ya kwanza ilitoka mwaka 2015. Orodha hiyo haina uongo. Msikilizaji mwenye masikio ya wastani hataukosa hata mmoja kati ya ukoo huo. Tatizo ni kwamba orodha huishia pale ambapo uhakiki ungepaswa kuanza, kama mtu anayetaja viungo vyote vya pilau na kuondoka bila ya kuonja.

Fauka ya hayo, muziki wa roki unaoitwa wa baada ya panki haukuwahi kuwa na nasaba safi ambayo mtu angeweza kuilinda. John Lydon, mwana wa wahamiaji wa Kiayalandi mjini London, aliachana na Sex Pistols mnamo Januari 1978, na kabla ya mwaka kwisha alikuwa ameshatoa santuri na bendi mpya, Public Image Ltd, ambayo besi yake ilikuwa imekunywa sana dabu ya Jamaika. Gang of Four wa Leeds walichukua funki ya Wamarekani weusi wakaikausha hadi ikabaki mifupa. Wengine walichota kwa Can na Neu! wa Ujerumani lile pigo la ngoma lisilokunja kona, linaloenda tu mbele kama gari-moshi usiku. Kwa hiyo kuilaumu bendi ya mwaka 2019 kwa kuchanganya ni kuilaumu kwa kuifuata mila. Swali lenye uzito ni jingine: deni hili limelipwa kwa sarafu gani? Mtunzi amekopa, sawa. Je, ameongeza kitu chake katika alichokopa, au amekirudisha vilevile kikiwa kimekunjwa na kupigwa pasi?

Lililo wazi zaidi ni deni kwa The Fall. Mark E. Smith, aliyefariki dunia Januari 2018, alitumia takriban miaka 40 akithibitisha kwamba mwimbaji si lazima aimbe. Alighani, alifoka, alinung'unika kwa lafudhi yake ya Salford, na bendi nyuma yake ikarudia kifungu kimoja cha muziki hadi msikilizaji akasalimu amri. Mojawapo ya nyimbo za mwanzo kabisa za bendi hiyo, iliyotoka mwaka 1978, jina lake ni "Repetition", yaani takriri. Grian Chatten, mwimbaji wa Fontaines D.C., ni mwanafunzi wa skuli hiyo. Katika "Hurricane Laughter" anashika kauli moja kuhusu kukosekana kwa mawasiliano na kuipigilia tena na tena juu ya gitaa linalosaga. Katika "Too Real" anarudi mara kwa mara kwenye swali moja lililo nusu dhihaka, akimwuliza msikilizaji kama mambo haya ni ya kweli mno kwake. Wimbo wa kwanza, "Big", haufikii hata dakika mbili, na sehemu kubwa yake ni tambo la mtoto wa mjini anayeahidi kwamba atakuwa mkubwa.

Lakini takriri ya Smith na takriri ya Chatten hazifanyi kazi moja. Kwa Smith, kurudia ni silaha ya kumchosha adui, na aghalabu adui huyo ni msikilizaji mwenyewe. Kwa Chatten, kurudia kunakaribia zaidi kazi ya kiitikio katika utungo wa hadhara: ni mahali pa kuwangoja wanaochelewa kufika. Mshairi wa barabarani hana hadhira iliyokaa. Watu wanapita, wanasimama, wanaondoka, wengine wanaingia katikati, na utungo usiorudia utakuwa umewapoteza wote kabla ya ubeti wa tatu. Wanaolidharau guni kwa kurudiarudia maneno husahau kwamba liliundwa kwa ajili ya masikio yaliyo safarini.

Dublin ilimjua vizuri mshairi wa aina hiyo. Michael Moran alizaliwa mwishoni mwa karne ya 18 katika eneo la Liberties, akapofuka akiwa bado mchanga sana, akaishi kwa kughani kwenye madaraja na pembe za barabara hadi alipofariki mwaka 1846. Watu walimwita Zozimus, jina la mtu wa dini aliyemo katika utenzi wa Mtakatifu Maria wa Misri, ambao ndio uliompa sifa zaidi. W. B. Yeats alimwandikia insha katika kitabu chake cha The Celtic Twilight cha mwaka 1893, na insha hiyo imejaa mapenzi, ingawa ni mapenzi ya bwana mkubwa anayemtazama fukara kutoka dirishani. Zozimus alichanganya bila ya haya: maisha ya watakatifu, Musa kuokotwa mtoni, siasa za siku, matusi kwa waliompita bila ya kutoa senti. Msomaji wa fasihi ya Kiswahili atakumbuka kwamba katika miaka hiyohiyo Muyaka bin Haji alikuwa Mombasa, na kwamba wataalamu humsifu kwa kuutoa ushairi msikitini na kuufikisha sokoni. Ulinganisho huo usivutwe kupita kiasi, maana Muyaka alikuwa fundi wa vina na mizani ambaye hakuna aliyethubutu kumwita mtunzi wa guni, lakini soko ni soko.

Eneo hilohilo la Liberties ndilo lenye chuo cha muziki walikokutana vijana wa Fontaines D.C. Jina la eneo linatokana na mamlaka za zama za kati: vilikuwa vipande vya ardhi nje ya kuta za mji, ambavyo havikuwa chini ya sheria za mji. Wimbo wa "Liberty Belle", ambao bendi iliutoa kwanza mwaka 2017 ikiwa haijulikani, unacheza na jina hilo mara tatu kwa mpigo: ni mtaa, ni ile kengele maarufu ya Philadelphia, na ni msichana mzuri. Ukweli ni kwamba huo ni mchezo wa maneno wa bei nafuu, wa aina ambayo Zozimus angeipigia makofi. Muziki wake nao ni mwepesi, una gitaa la kung'ara lenye harufu ya ufuo wa California, na hapo ndipo panapochekesha, kwa sababu hakuna mahali pasipofanana na California kama Liberties siku ya mvua.

Kabla ya kuwa bendi ya kusikilizwa, vijana hawa walikuwa kikundi cha kusomeana mashairi. Walikutana baani, wakasomeana, wakatoa vijitabu viwili vya tungo zao, Vroom na Winding, kimoja kikiwaelekea washairi wa Beat wa Marekani na kingine washairi wa Ayalandi. Habari hii imerudiwa sana magazetini kama kipambo. Hata hivyo ina umuhimu wa kiufundi, kwa kuwa inaeleza ni kwa nini maneno ya Dogrel yanasimama mbele ya gitaa na si nyuma yake. Dan Carey, aliyeisimamia kazi hii katika studio yake huko kusini mwa London, aliwarekodi wakipiga pamoja, moja kwa moja kwenye utepe, bila ya kuvishonashona vipande baadaye. Matokeo yake ni sauti yenye kingo. Pumzi zinasikika. Mahali fulani ngoma za Tom Coll zinaelekea kumtangulia mwimbaji na hakuna aliyezirudisha nyuma.

Kinachosikika kuliko vyote ni lafudhi. Kwa miongo mingi mwimbaji wa roki kutoka Ayalandi alipofungua kinywa alijikuta katikati ya bahari ya Atlantiki, akitamka irabu ambazo si za Dublin wala si za Detroit. Walikuwako walioasi, Whipping Boy, bendi ya Dublin iliyotoa santuri ya Heartworm mwaka 1995, ilikuwa na nyimbo zilizosemwa zaidi kuliko kuimbwa kwa sauti ya mjini isiyosuguliwa, nayo haikupata soko iliyostahili. Chatten amelitamka kila neno kama linavyotamkwa kwenye kituo cha basi. Katika bendi nyingine hili lingekuwa pambo tu. Hapa ndilo linalozishika pamoja zile athari zilizotawanyika: besi ya Manchester, gitaa la New York, makelele ya Berlin, vyote vinalazimika kuinama ili vipite katika kinywa kimoja, na vikitoka vimekwisha kubadilika umbo. Huo ndio ushahidi wenye nguvu zaidi kwamba deni limelipwa.

Ila kinywa chenyewe ni cha nani? Hapa suala linakuwa gumu, na mashabiki wa bendi hawapendi kulikaribia. Chatten alizaliwa Barrow-in-Furness, kaskazini mwa Uingereza, kwa mama Mwingereza, akalelewa Skerries, mji mdogo wa pwani ulioko nje ya Dublin. Conor Deegan anayepiga besi na Coll anayepiga ngoma wametoka Castlebar, katika jimbo la Mayo, upande wa magharibi kabisa. Conor Curley ametoka Monaghan. Carlos O'Connell amekulia Madrid. Herufi mbili zinazofuata jina la bendi husimama badala ya Dublin City, na ziliongezwa kwa sababu tayari kulikuwa na Fontaines wengine huko Los Angeles. Lakini kati ya wote watano hakuna aliyelelewa katika vichochoro vinavyoimbwa. Kwa lugha ya Mombasa, hawa ni waja. Wanaimba mji kwa sauti ya wenyeji, na wenyeji wangekuwa na haki ya kuuliza.

Jibu moja ni kwamba fasihi ya Dublin imekuwa ikifanya hivyo tangu zamani. Patrick Kavanagh alitoka shambani, Inniskeen, katika Monaghan hiyohiyo ya Curley, akahamia Dublin mwaka 1939, na leo sanamu yake imekaa kwenye benchi kando ya mfereji kana kwamba alizaliwa pale. James Joyce alikuwa mwenyeji hasa, lakini aliondoka mwaka 1904 na kuuandika mji huo akiwa Trieste, Zürich na Paris. Ulysses ya mwaka 1922 ni kazi ya mtu anayeuliza kwa barua ni duka gani liko pembe gani. Mmoja aliingia, mwingine alitoka, na Dublin ya vitabuni imejengwa na wote wawili. Jibu hili linaridhisha nusu. Linasahau kwamba Kavanagh hakujidai kuwa mtoto wa mjini. Alichukua miaka mingi kuuchukia mji kabla ya kuupenda, na uchungu huo umo katika tungo. Santuri ya Fontaines D.C. haina safari hiyo. Wameshuka kwenye basi wakiwa tayari na lafudhi.

Jibu la pili lina nguvu zaidi, nalo halitoki vitabuni. Uchumi wa Ayalandi ulianguka mwaka 2008, na Novemba 2010 serikali ilipokea mkopo wa uokozi kutoka Umoja wa Ulaya na Shirika la Fedha la Kimataifa, kwa masharti ambayo msomaji wa Kenya aliyeishi miaka ya 1990 anaweza kuyakariri bila ya kuyasoma. Uchumi ulipoinuka tena uliinuka pamoja na makampuni ya teknolojia ya Marekani, yaliyoweka makao yao ya Ulaya kwenye gati za zamani za Dublin, na kodi za nyumba zikaruka juu ya kimo cha kijana wa kawaida. Katika kiangazi cha mwaka 2018 vikundi vya vijana viliingia katika nyumba zilizoachwa tupu katikati ya mji na kukaa humo kupinga hali hiyo. Mwaka uliofuata Dogrel ikatoka. Mji unaoimbwa ndani yake, wenye wazee wa baa, madereva wapigao soga na vichochoro vyenye majina, ulikuwa ukiondoka kila wiki. Yamkini mja huyaona mambo yanayoondoka upesi kuliko mwenyeji, kwa sababu ndiyo aliyoyafuata. "The Lotts" ni jina la kichochoro karibu na mto Liffey. Wimbo wenyewe ni wa polepole, unaongozwa na besi yenye kiza, na hausimulii kisa kinachoweza kufupishwa. Unakaa tu mahali hapo, kana kwamba kuondoka ni kupakosa. "Roy's Tune" nao unaongea kwa upole usiotarajiwa juu ya kampuni inayowatumia watu, na ndio wimbo pekee katika santuri ambamo hasira imepewa likizo.

Penye hasira tupu, santuri inayumba. "Chequeless Reckless" ni mfululizo wa fasili: msaliti ni nani, mwongo ni nani, asiye na uzito katika sanaa ni nani, na fedha imefanya nini. Ni mahubiri. Gitaa ni zuri na kauli ni kali, lakini mhubiri amejitoa katika orodha ya wenye dhambi, na jambo hilo linapunguza imani, hasa ikikumbukwa kwamba anahubiri kutoka ndani ya mkataba wa kampuni ya muziki. Kuhubiri si kosa. Washairi wote wa hadhara wamehubiri. Zozimus, hata hivyo, alipowatukana wenye fedha alikuwa bado amenyosha kofia mbele yao, na matusi yake yalikuwa na njaa ndani. "Television Screens" pia haifiki mbali. Ni wimbo ambao The Strokes wangeuandika asubuhi na kuusahau jioni. "Sha Sha Sha" una kiitikio cha kupendeza, basi.

Tofauti kabisa ni "Boys in the Better Land". Hapa wamo watu. Yumo dereva wa teksi ambaye hutema maneno ya kuwafukuza Waingereza na ambaye, kwa uzalendo uleule, havuti sigara nyingine ila Carroll's. Redioni anasifiwa mwanamitindo ambaye moyo wake unafananishwa na riwaya ya Joyce. Na upo ushauri, unaotolewa kwa shangwe juu ya mdundo unaokimbia, kwamba mtu ajitafutie gari zuri atoke, aende huko kwenye nchi iliyo bora. Mhakiki mvivu ataupita wimbo huu akidhani ni wa kizalendo. Laiti angesimama kwenye zile sigara. P. J. Carroll ni kampuni ya kale ya mji wa Dundalk, fahari ya Ayalandi kwa vizazi kadhaa. Lakini kwa muda mrefu sasa imekuwa mali ya British American Tobacco ya London, kampuni ambayo mkazi wa Nairobi hahitaji kuelezwa ni ipi. Kila moshi anaoupuliza dereva kuwakomesha Waingereza una faida yake inayovuka bahari kwenda Uingereza. Wimbo hausemi hivyo. Hautoi hata dokezo. Unamtaja tu mtu, anachokisema na anachokivuta, halafu unaendelea na safari, na kejeli inabaki kwenye kiti cha nyuma ikimsubiri atakayeiona.

Hiyo ni sanaa ya guni ikiwa katika ubora wake. Mtunzi wa aina hii hana nafasi ya kufafanua, kwa sababu ubeti unakimbia na kina kinadai haki yake. Hukamata kitu kimoja kilicho mkononi mwa mtu mmoja na kukiacha kiseme. Ushairi uliokomaa zaidi ungekitengenezea kitu hicho taswira, ungekizungusha, ungekipa nuru. Hapa kimetajwa kwa pupa, kwa sababu kina kilikuwa kikitafutwa, na ukweli mkubwa umeingia kwa mlango wa vina. Wale waliojadiliana kwa ukali kuhusu arudhi za ushairi wa Kiswahili, tangu Amri Abedi alipozipanga sheria mwaka 1954 hadi Euphrase Kezilahabi alipozipa kisogo kwa Kichomi mwaka 1974, walizoea kuuliza kama kina humfunga mtunzi au humfungua. Katika wimbo huu kina kimemfanya mtunzi aseme jambo ambalo huenda hakulikusudia, na hilo ni fungu la tatu lisilokuwa katika mjadala ule.

Santuri inafungwa na "Dublin City Sky". Ngoma na makelele vimewekwa kando. Pamebaki masimulizi ya mapenzi na ulevi katika mtindo wa nyimbo za kale za Waayalandi, na kila mhakiki aliyeandika habari zake alilitaja jina la Shane MacGowan kabla ya kufika ubeti wa pili. Ni haki yao. MacGowan, aliyefariki Novemba 2023, alizaliwa Kent, kusini mwa Uingereza, na The Pogues walikuwa bendi ya London. Walioufufua wimbo wa baa wa Kiayalandi kwa kuuchanganya na panki, kuanzia santuri yao ya kwanza ya mwaka 1984, walifanya hivyo wakiwa ng'ambo. Chatten, mzaliwa wa Uingereza aliyelelewa Ayalandi, anauimba wimbo huo akiwa upande wa pili wa kioo hichohicho. Hapa deni halijalipwa. Wimbo ni mwigo, tena mwigo wa wazi, na vina vyake vinayumba kama mlevi anayeimbwa. Msikilizaji makini atautoa makosa matatu au manne bila ya jasho. Pia atagundua, akiwa mkweli, kwamba ndio wimbo anaoondoka nao. Baada ya nyimbo kumi za kijana anayejitambulisha kwa nguvu, anasikika mtu aliyeacha kujitetea, anayeimba kwa njia ambayo wazee wake wangeitambua, na asiyejali kama amekopa.

Baadaye bendi ilibadilika. A Hero's Death ya mwaka 2020 iliufifisha mji, na Skinty Fia ya mwaka 2022, iliyofika nambari ya kwanza Uingereza na Ayalandi, iliandikwa wakati wanabendi wakiwa wamehamia London. Wimbo wa kwanza wa santuri hiyo ya tatu una jina la Kiayalandi, "In ár gCroíthe go deo", maana yake "mioyoni mwetu milele". Chanzo chake ni kesi ya Coventry. Familia ya mama mmoja wa Kiayalandi ilitaka maneno hayo yaandikwe kwenye kaburi lake katika uwanja wa kanisa. Mwaka 2020 jaji wa mahakama ya Kanisa la Uingereza akakataa yasiandikwe pasipo tafsiri, kwa kuwa mtu asiyeijua lugha angeweza kuyadhania kuwa kauli ya kisiasa. Rufaa ikakatwa, na mwaka 2021 familia ikashinda. Katika wimbo, maneno hayo yanarudiwa na sauti za kwaya tangu mwanzo, taratibu, mara nyingi, nayo hayatafsiriwi popote. Juu yake anaimba Chatten kwa lafudhi ya Dublin, wakati huo akiwa mkazi wa nchi aliyozaliwa.